Ulevi, Ini, na Sitara Isiyo Mahali Pake

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba binadamu akampa mwili auchunge, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Katika darasa yetu ya baada ya Isha, ndugu mmoja aliuliza suali ambalo wenziwe walilicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Alisema: "Sheikh, mtu ana nduguye ambaye hunywa ulevi kwa siri. Ndugu huyo akashikwa na maradhi, na daktari akauliza kama mgonjwa hunywa. Je, aseme kweli aifichue aibu ya Muislamu, au akanushe apate thawabu ya kumsitiri?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia kuwa nitaandika. Sikuwa nimeshindwa na suali kwa upande wa sharia, kwani jawabu lake liko wazi kwa mwenye kutafuta. Nilinyamaza kwa sababu suali hilo lilikwisha nikabili mimi mwenyewe zamani, nami nikalijibu vibaya.

Yapata miaka kumi na mitatu sasa niliitwa kwenda kumzuru mtu niliyesoma naye chuoni. Tulikaa mkeka mmoja mimi na yeye, na mwalimu wetu akimpenda yeye zaidi kwa sauti yake na wepesi wake wa kuhifadhi. Alipokuwa mtu mzima alipata kazi nzuri, akapata na marafiki, na kwa njia ya marafiki hao akaingia katika ulevi. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulijifanya haujui. Nilipofika hospitali nilimkuta macho yake yamekuwa ya manjano, tumbo limefura, na mikono imekonda. Daktari, kijana mpole, akauliza: "Huyu mzee hutumia pombe?" Kaka yake akajibu upesi: "Daktari, sisi ni Waislamu." Daktari akanigeukia mimi, akaitazama kanzu yangu na kofia yangu, kana kwamba anataka ushahidi wa pili. Nami nikainamisha macho.

Sikusema uwongo kwa ulimi, lakini niliusema kwa kunyamaza. Daktari akaandika alichoambiwa. Usiku wa tatu yule mtu akaanza kutetemeka na kutoka jasho, akawa asema na watu wasiokuwapo, kisha akaanguka kifafa. Jamaa wakasema ni shetani amempanda, wakaniita nimsomee, nikamsomea. Alfajiri mkewe akaja, akamwita daktari kando, akamweleza kila kitu: ni miaka mingapi, ni kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Hapo dawa zikabadilishwa, na kabla ya adhuhuri mgonjwa akatulia. Aliishi miezi minne baada ya hapo. Kama tungesema siku ya kwanza angeishi zaidi au la, hilo Mwenyezi Mungu ndiye alijuaye. Nilijualo mimi ni kwamba wanaume wawili walidhani wanamsitiri, na mwanamke mmoja ndiye aliyemwokoa usiku ule.

Basi kabla ya kuingia katika hukumu ya sitara, yatupasa tujue ni kitu gani hasa tulichokuwa tukikificha. Kwani watu wengi husema "ulevi unaharibu ini" kama wasemavyo "jua ni kali", wala hawajui uharibifu huo waendaje.

Ini ni kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya mwili. Kwa mtu mzima uzani wake ni kama kilo moja na nusu, nalo liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Damu itokayo matumboni, iliyobeba kila tulichokila na kukinywa, haiendi moyoni moja kwa moja. Hupita kwanza kwenye ini, kama bidhaa zipitavyo forodhani kabla ya kuingia mjini. Hapo huchambuliwa. Chenye manufaa huwekwa akiba au hupelekwa panapohitajiwa, na sumu huvunjwa. Ini ndilo lifanyalo nyongo ya kusaidia kusaga mafuta. Ndilo lifanyalo vitu vya kuigandisha damu mtu anapojikata. Ndilo pia liwekalo akiba ya sukari ambayo mwenye kufunga huitegemea baina ya daku na magharibi.

Ulevi nao hupita forodha hiyo, na kazi ya kuuvunja, zaidi ya sehemu tisa katika kumi, ni ya ini. Huuvunja kwa daraja mbili. Kwanza huugeuza kuwa kitu kiitwacho asetaldehaidi, nacho ni sumu kali kuliko ulevi wenyewe. Kisha hukigeuza kitu hicho kuwa cha jamii ya siki, kisichodhuru. Mafaqihi wetu wa madhehebu ya Shafii wamesema kuwa ulevi ukigeuka wenyewe ukawa siki, huwa tohara. Ini nalo lajitahidi kufanya jambo mfano wa hilo ndani ya mwili, lakini baina ya tembo na siki pana kivuko chenye sumu, na mwenye kunywa kila siku hulivusha ini lake hapo kila siku, bila ya kulipa siku ya kupumzika.

Madhara yake huja kwa daraja. La kwanza ni ini kujaa mafuta. Hili huwapata takriban watu tisa katika kila kumi wanywao kwa wingi, na aghalabu hawahisi kitu chochote. La pili ni ini kuvimba na kuwaka, na katika baadhi ya watu uvimbe huo huja kwa ghafla na kwa ukali, ukaua. La tatu ni makovu. Kila chembe za ini zinapokufa, mahali pake hujazwa na kovu, kama ngozi iliyoungua. Kovu haliwezi kuchuja damu wala kufanya nyongo. Makovu yakienea, ini husinyaa, likawa gumu lenye vinundu, na maradhi hayo huitwa sirosisi. Jina hilo alilitoa tabibu wa Kifaransa, René Laennec, mwaka 1819, kutokana na neno la Kiyunani lenye kueleza rangi ya manjano iliyofifia, kwa alivyoliona ini la wagonjwa hao.

Ini likifika hapo, damu haipati njia ya kupita. Hurudi nyuma, mishipa ya koo la chakula ikafura, na siku moja ikapasuka, mtu akatapika damu. Maji hujaa tumboni. Sumu ambazo ini lilikuwa likizivunja sasa hupanda mpaka kwenye ubongo, mtu akasahau majina ya wanawe, akageuza usiku kuwa mchana. Na saratani ya ini huwa karibu na mwenye makovu hayo. Hebu izingatie hali hii: sharia imeuharimisha ulevi kwa kuwa unaondoa akili, na huyu sasa akili imemtoka hata akiwa hajanywa tone.

Yote haya aghalabu huchukua miaka kumi au zaidi. Kwa mwanamke huja mapema zaidi, na kwa kiasi kidogo zaidi. Na katika miaka hiyo yote ini halisemi. Nyama ya ini yenyewe haina mishipa ya kuhisi maumivu, na kinachoweza kuuma ni ngozi nyembamba iliyolizunguka. Jino likioza lapiga kelele usiku kucha, lakini ini laoza kwa adabu. Mpaka macho yawe ya manjano na tumbo lifure, mara nyingi sehemu kubwa yake imekwisha kuharibika.

Hapa wanywaji wana hoja tatu, nasi tutazijibu kwa ufupi.

Wa kwanza husema: "Mimi nala vizuri, na ulevi hauwadhuru illa wanaokunywa bila kula." Zamani hata matabibu wengi walidhani hivyo, kuwa ini huharibika kwa sababu walevi hawali. Baadaye mtaalamu aitwaye Charles Lieber, huko Marekani, pamoja na wenzake, waliwalisha nyani chakula kilichokamilika pamoja na ulevi, na katika miaka ya 1970 wakaonyesha kuwa maini ya nyani hao yaliingia mafuta kisha makovu, na chakula chao kizuri hakikuwafaa kitu. Na mji wa Paris ulionyesha jambo hilo kwa upande wa pili. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mvinyo ulipimwa kwa kadiri na ukawa adimu, na chakula kadhalika kikawa haba. Lau njaa ndiyo iharibuyo ini, vifo vingezidi. Lakini vifo vya sirosisi vilishuka sana, na mvinyo uliporudi baada ya vita, vikapanda tena.

Wa pili husema: "Mimi hunywa tembo la mnazi tu, nalo latoka mtini, halina dawa za kiwandani." Kila mtu wa pwani ajua kuwa tembo likishushwa ni tamu, na kwa saa chache huanza kuchachuka, na likilala huwa kali. Ukali huo ndio ulevi ule ule ulio katika chupa ya dukani. Ini haliulizi kama ulevi umetoka mnazini au kiwandani. Na aongezaye kuwa anakunywa "kidogo tu", basi Shirika la Afya Duniani lilitangaza Januari 2023 kuwa hapana kiasi cha ulevi kiwezacho kuitwa salama kwa afya. Wanazuoni wetu walikwisha pokea kwa Mtume (S.A.W.) kwamba kilevyacho kingi chake, kichache chake pia ni haramu.

Wa tatu husema: "Fulani amekunywa miaka thelathini na angali mzima." Huyu asema kweli. Katika wanywaji wakubwa, wafikao kwenye sirosisi ni kama mmoja au wawili katika kila kumi. Lakini ni nani ajuaye kuwa yeye ni katika wale wanane? Hapana alama kwenye kipaji cha uso. Basi huyu hanywi tu, bali pia acheza kamari, na alichoweka rehani ni ini lake na mayatima wake. Nami kila nisomapo Suratul Baqara, aya ya 219, na Suratul Maida, aya ya 90, huona jinsi ulevi na kamari vilivyotajwa pamoja kama ndugu wawili. Katika ile ya Baqara Mwenyezi Mungu hakukanusha kuwa mna manufaa fulani kwa watu, ila ametufahamisha kuwa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake.

Lakini nataka niweke mpaka hapa, kwa sababu siku hizi wako wahubiri waifanyao dini kuwa mtumwa wa utabibu. Ulevi haukuharimishwa kwa sababu ya ini. Illa ya uharamu wake kwa mafaqihi ni kulevya. Madhara ya mwili ni katika hekima zinazodhihiri kwetu kidogo kidogo, wala si nguzo ambayo hukumu imesimama juu yake. Kesho ikipatikana dawa ya kuliponya ini la mlevi kwa kidonge kimoja, ulevi utabaki haramu vile vile. Twalitaja ini kwa kuwa kuhifadhi nafsi ni katika mambo matano ambayo Imamu Ghazali ametaja kuwa sharia imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, nasaba, na mali. Na kuijua nafsi inavyoangamia ni katika kuihifadhi.

Sasa turudi kwenye kunyamaza, maana hapo ndipo penye shabaha ya makala haya.

Mtu atendaye dhambi asione adhabu, husema moyoni: "Kama lingekuwa baya, ningeshikwa." Huku ni kukosea baina ya kuchelewesha na kusamehe. Suratu Fatir, katika aya yake ya mwisho, yatufundisha kuwa lau Mwenyezi Mungu angewashika watu kwa kila walichokichuma, hasingalibaki kiumbe, lakini huwapa muda. Muda huo ni rehema kwa mwenye kurejea, na ni hoja juu ya mwenye kuendelea. Ini nalo hutupa muda wa namna hiyo. Daraja ya kwanza, ile ya mafuta, ikiwa mtu ataacha kabisa, yaweza kuondoka kwa wiki chache tu. Katika mwaka 1931 wataalamu wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, waliondoa theluthi mbili za ini la panya, na katika siku chache ini likakua tena likakaribia ukubwa wake wa kwanza. Mwenyezi Mungu amelijaalia ini sifa hii ambayo moyo na ubongo havikupewa. Hata aliyekwisha fika kwenye makovu, akiacha, umri wake hutarajiwa kuwa mrefu kuliko wa mwenziwe anayeendelea. Basi hapana mlevi wa kuambiwa "umekwisha chelewa, nywa tu".

Wako watu katika miji yetu waachao ulevi siku arubaini kabla ya Ramadhani, kwa kuwa wamesikia katika hadithi kuwa sala ya mnywaji haikubaliwi siku arubaini. Na wako, kwa bahati mbaya, waachao sala badala ya kuacha ulevi. Wanazuoni wameeleza kuwa maana yake ni kukosa thawabu, na faradhi haimwondokei mtu. Mimi siwacheki wale waachao siku arubaini. Nawaambia: ndugu zangu, katika siku hizo ini lenu limekwisha anza kupona, nanyi mmekwisha jua kuwa mwaweza. Ni kwa nini baada ya Idi mwarejea kulipiga jeraha lililoanza kufunga?

Ama sitara. Hapana shaka kuwa kumsitiri Muislamu ni jambo tukufu, na katika hadithi sahihi imepokewa kuwa mwenye kumsitiri Muislamu, Mwenyezi Mungu atamsitiri. Lakini kila jambo tukufu lina mahali pake. Maji ni tohara, na mwenye kuyatia kwenye mapafu ya mtu amemwua. Sitara iliwekwa ili heshima ya mtu isitafunwe na ndimi za watu, apate nafasi ya kutubu. Haikuwekwa ili mtu aachwe afe huku heshima yake ikiwa imekunjwa vizuri kama nguo sandukuni.

Imamu Nawawi, ambaye vitabu vyake vyasomwa katika misikiti yetu yote, ametaja katika Riyadhu Swalihina mambo sita ambayo kwayo yajuzu kumtaja mtu kwa lile asilolipenda. Katika hayo mna kutafuta msaada wa kuondoa baya, na kutaka fatwa, na kuwatahadharisha watu na madhara. Na dalili yake moja ni kisa cha Hind binti Utba, aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.) akamweleza kuwa mumewe, Abu Sufyan, ni mtu bakhili, hampi matumizi yanayomtosha yeye na wanawe. Mtume hakumkemea kwa kumtaja mumewe kwa aibu. Alimpa jawabu. Ikiwa yajuzu kuitaja aibu ya mtu kwa ajili ya matumizi ya nyumba, itakuwaje isijuzu kwa ajili ya uhai wake mwenyewe? Tabibu mbele ya mgonjwa ni kama mufti mbele ya mwenye kuuliza: ukimficha nusu ya suali, atakupa nusu ya jawabu, na nusu ya jawabu katika utabibu yaweza kuua.

Nami nitaeleza yauaje, ili isidhaniwe kuwa nasema kwa jazba. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatizwa ghafla, kama vile kwa kulazwa hospitali, katika siku mbili tatu aweza kutetemeka, kuona yasiyokuwapo, kuanguka kifafa, na hata kufa. Zipo dawa za kulizuia hilo, lakini humpa nani daktari asiyejua? Kadhalika mnywaji aliyelewa maradhi ya kifua kikuu: baadhi ya dawa zake ni nzito kwa ini, na daktari akijua humpima na kumwangalia mara kwa mara. Hata vidonge vya paresitamo, ambavyo twavimeza kama tende, ni hatari kwa ini la mlevi kwa kiasi ambacho mwingine huenda kisimdhuru. Kwa hivyo na nyinyi mnaowafungia vijana wenu chumbani ili waache, jueni kuwa nia yenu ni njema lakini njia yaweza kuua. Toba ni wajibu papo hapo bila ya kuchelewa, na kumpeleka kwa tabibu siku hiyo hiyo ni sehemu ya toba hiyo.

Basi jawabu la ndugu yetu ni hili. Mgonjwa mwenyewe akiweza kusema, ni juu yake kumwambia daktari kweli, wala hilo si kujidhihirisha kwa maasi, bali ni kuokoa nafsi. Akiwa hawezi, au akikanusha na uhai wake umo hatarini, ni juu ya mwenye kujua kwa yakini amwambie daktari kando, kwa kadiri ya haja, asizidishe. Na kukanusha mbele ya daktari si sitara. Ni uwongo wenye kudhuru, na katika kawaida za sharia imethibiti kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana.

Lakini nimesema "kwa yakini", na nimesema "daktari". Mipaka hii miwili ni lazima, kwani watu wetu wakifunguliwa mlango wa kusema kwa haja, upesi huugeuza kuwa mlango wa kusengenya.

Ama yakini: si kila mwenye macho ya manjano ni mlevi. Wako wenye homa ya ini itokanayo na virusi, ambayo mtu aweza kuipata kwa mamake siku ya kuzaliwa. Mwaka 2004, katika sehemu za Ukambani na jirani zake, watu 125 walihesabiwa kuwa wamekufa kwa kula mahindi yaliyoingia sumu ya ukungu, nayo sumu hiyo hulipiga ini. Na katika miji yetu hii ya pwani, penye haluwa na vinywaji vya sukari na miili isiyofanya kazi, wako wengi ambao ini lao limejaa mafuta hali hawajapata kuonja ulevi maishani mwao, na baadhi yao hufika kwenye makovu yale yale. Mwanamke mcha Mungu, mwenye maradhi ya sukari, aweza kufura tumbo kama mlevi. Amwonaye akanong'ona "kumbe!" amejichumia dhambi ambayo Suratul Hujurat imetutahadharisha nayo, dhana na upelelezi.

Ama daktari: siri aliyopewa ni amana. Hapa nawakumbusha ndugu zetu na dada zetu wafanyao kazi hospitalini, wauguzi, makarani na wasafishaji. Jamaa wengi hawasemi kweli mbele ya daktari kwa kuwa pazia ni jembamba, na aliye nyuma ya pazia ni jirani. Kabla ya magharibi habari imefika barazani, na mabinti wa mgonjwa hawapati wachumba. Lau siri zingehifadhika, ndimi zingefunguka. Mwenye kuitoa siri ya mgonjwa huenda asijue, lakini amemfunga mdomo mgonjwa wa kesho, naye ana sehemu yake katika madhara yatakayompata.

La mwisho lawahusu wenzangu wavaao majoho na kofia. Wako wakataao kumzuru mlevi, na wako wanaosita hata kumsalia akifa, hali sala ya maiti Muislamu ni haki yake, na maasi hayaiondoi. Katika Sahihi ya Bukhari mna habari ya sahaba mmoja aliyekuwa akimchekesha Mtume (S.A.W.), na ambaye aliletwa akaadhibiwa kwa ulevi mara nyingi. Siku moja mtu mmoja akamlaani. Mtume akakataza asilaaniwe, akashuhudia kuwa mtu huyo ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Tazameni: adhabu haikuondolewa, na mapenzi hayakukanushwa. Sisi tumegeuza. Hatumwambii neno angali mzima, na akiwa mgonjwa twamkimbia, kisha kunyamaza kwetu kote twakuita sitara.

Mimi ningaliweza kusema na mwenzangu miaka kumi kabla ya siku ile. Nilikuwa nikikutana naye kila Ijumaa. Alikuwa akinyoosha mkono, nami nikimpa wangu, na harufu ikinifikia, nikageuza uso nikamsalimu wa pili. Nilijiambia kuwa namwonea haya. Sasa naona kuwa nilikuwa nikijionea haya mimi, nisipate udhia wa kumnasihi. Ini lake lilinyamaza kwa kuwa halina ulimi. Mimi nilikuwa nao.

Mwenyezi Mungu atusamehe tulivyopungukiwa, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tujue mahali pa kunyamaza na mahali pa kusema. Wabillahi tawfiq.